Lubega na Suruali: Kwao Msanii ni Wapi?

Mojawapo ya makosa yanayorudiwa mno katika mijadala ya utamaduni wa taifa letu ni kumdai msanii hati ya uenyeji kwa kutazama nguo yake. Mtu akipaka rangi, akichonga, akiimba au akicheza, watu hawaanzi kwa kuuliza kazi yake inasema nini, na inamsemea nani. Huuliza: Je, hii ni ya asili? Naye anayeuliza hivyo ana picha yake tayari kichwani. Anachotafuta ni kujua tu kama msanii ameifuata picha hiyo au ameiacha. Sisi tunaupinga mwenendo huo. Tunashikilia kwamba msanii ana kwao pale anaposema na watu wake kwa lugha waijuayo, juu ya mambo yanayowakabili, na pale anapochagua yeye mwenyewe, miongoni mwa vya kale na vipya, vya nyumbani na vya ugenini, kile kinachoifaa kazi yake. Mengine yote ni mavazi.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jijini Arusha, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, iko kata ya Daraja Mbili. Watalii wanaopita Arusha kwenda mbugani hawapelekwi kuiona. Ni mahali pa nyumba zilizobanana na watu wa kila namna: Waarusha na Wameru, Wachaga na Wapare, Warangi na Wairaki, na wengine wengi waliokuja mjini kutafuta riziki wakazaa watoto hapo. Mtoto anayekulia Daraja Mbili husikia lugha moja kwa mama yake, nyingine kwa jirani, na Kiswahili njiani na darasani. Akitazama kaskazini anauona mlima. Akipanda gari kuelekea magharibi, haichukui muda mrefu kabla hajaifikia nyika ya Umasai. Na hata asiposafiri kamwe, nyika hiyo imo kinywani mwake kila siku. Ngarenaro, kata ya jijini humo, kwa Kimasai ni maji meusi. Elerai ni jina la mti wa mgunga. Na upande wa pili wa mlima kuna Ngare Nanyuki, yaani maji mekundu. Mchaga na Mrangi wa Arusha huyataja majina hayo bila kufikiri, kama wayatajavyo majina ya watoto wao.

Kijana wa mahali kama hapo akitaka kuwa msanii hukuta milango miwili, na yote miwili imefungwa. Akienda bomani kwa wazee huambiwa kwamba yeye ni mtu wa mjini, ajue nini? Akirudi mjini huambiwa aifuate asili yake, kwani kazi isiyo na mkuki na shuka jekundu hainunuliwi. Na iwapo mama yake ni Mrangi na baba yake ni Mwarusha, aifuate asili ipi? Swali hili si fumbo la kuchezea akili. Ni swali la riziki na la heshima, na hatima yake ni ya taifa zima, kwa sababu vijana wa namna hii ndio wengi katika miji yetu, nao wataifanya sanaa ya nchi hii au wataiacha.

Tuanze na kosa la kwanza, ambalo lilikuwa letu sisi Watanzania wenyewe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akikusudia kufuta ile kasumba ya kikoloni iliyomfundisha Mwafrika kwamba hana utamaduni wowote wa kujivunia. Kusudi hilo lilikuwa jema na litabaki kuwa jema. Lakini haikupita miaka mingi, na kati ya mwisho wa mwaka 1967 na mwaka 1968 viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega, waache kujipaka udongo mwekundu na kusuka nywele, wavae suruali na magauni. Haya yalitokea katika mkoa ule ule ambako Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, Azimio lililozungumza juu ya usawa wa binadamu na haki ya kila raia kupewa heshima.

Waliotetea kampeni hiyo walisema kwamba lubega ni dalili ya kubaki nyuma, na kwamba mtu huru hapaswi kutembea nusu uchi ili wageni wampige picha. Tunaielewa hasira hiyo. Ni kweli kwamba wakoloni walipenda kumweka Mmasai kando kama kitu cha maonyesho. Lakini dawa waliyoitoa ilikuwa na sumu ile ile ya ugonjwa. Mkoloni alimhesabu Mmasai kwa nguo yake akampenda. Mtawala wetu alimhesabu kwa nguo yake akamwonea aibu. Hakuna kati yao aliyeuliza mtu huyo anasema nini. Suruali haikumletea mtu kisima, wala haikumtibu ng'ombe wake. Wala haikuwazuia Wamasai kurudia lubega, maana leo linavaliwa Arusha mjini mchana kweupe, na hakuna anayeona ajabu.

Kosa la pili limekuja kwa njia ya soko, nalo lina nguvu zaidi leo. Ingia katika maduka ya picha na vinyago ya mjini Arusha. Utakuta, ukutani baada ya ukutani, Wamasai watatu au wanne wembamba kama vijiti, hawana nyuso, wamevaa nyekundu, wameshika mikuki, na nyuma yao jua linazama juu ya nyika tupu. Hatumlaumu mchoraji anayezitengeneza ili alipe kodi ya chumba na ada ya mtoto. Tunalilaumu soko linalomlipa kwa sharti kwamba asiwatie watu wake nyuso.

Picha hiyo haikuanzia Arusha. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael juu ya Serengeti, ambayo ilipewa tuzo ya Oscar na kuoneshwa duniani kote. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na binadamu, hata wenyeji. Mwaka huo huo wa 1959 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamasai katika Serengeti, ingawa jina lenyewe la Serengeti limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali ambapo nchi imetanda bila mwisho. Mwaka 1962 ikatoka filamu ya Hollywood iitwayo Hatari!, iliyopigwa katika sehemu za Arusha na Momella, nyota wake akiwa John Wayne. Jina la filamu ni la Kiswahili, mlima ni wetu, wanyama ni wetu. Lakini mashujaa ni wageni, na wenyeji ni pambo la nyuma. Tangu siku hizo dunia imezoea kuiona nchi hii kama uwanja mpana wenye wanyama wengi na watu wachache wa kupendeza macho.

Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo, nasi tunawaomba walimu wawaeleze wanafunzi bila kuficha. Mtu aliyegeuzwa kuwa pambo hahitaji kusikilizwa. Pambo halina madai juu ya ardhi, halihitaji shule, halipingi wala halishauri. Ndiyo sababu watu wa Mlima Meru wanastahili kukumbukwa kwa jambo walilolitenda. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kulisemea shauri la watu wake. Hakwenda huko kuchezeshwa ngoma. Alikwenda kusema, na dunia ikasikia sauti ya mtu mwenye jina, kwao na hoja. Mfano huo unafaa kuwa kipimo kwa msanii yeyote wa sehemu hizo: je, kazi yake inawapa watu wake sauti, au inawanyima hata uso?

Sasa tuwageukie wale wanaojiita walinzi wa asili, ambao hudhani kwamba usafi wa utamaduni ni kutochanganyika na kigeni. Tuitazame hiyo lubega wanayoilinda. Zamani Wamasai walivaa ngozi. Vitambaa vya pamba viliwafikia kwa biashara, kikiwamo kile cha amerikani kilichopata jina hilo kwa kuwa kilitoka Marekani. Nao wakakipaka udongo mwekundu wakakifanya chao. Shuka la miraba linalopigwa picha leo hufumwa kiwandani. Tuzitazame na shanga. Shanga ndogo za kioo ambazo mama wa Kimasai huzitunga kwa ustadi mkubwa zililetwa na misafara ya biashara katika karne ya kumi na tisa, zikitoka Venisi na Bohemia. Basi, je, ushanga wa Kimasai ni wa Kizungu? Hata kidogo. Kioo kilitoka ng'ambo, lakini rangi ipi ikae karibu na ipi, mkufu upi uvaliwe na nani na wakati gani, hayo yaliamuliwa na akina mama wa nyikani. Uamuzi wao ndio ulioufanya ushanga huo kuwa wa Kimasai. Mali ghafi ilikuwa ya mgeni, sheria ilikuwa ya mwenyeji.

Wala Waarusha wenyewe si watu wanaokubali kutiwa ndani ya picha moja. Katika karne hiyo ya kumi na tisa walikaa miteremkoni mwa Meru, wakafyeka, wakapanda migomba na mahindi. Wanasema Kimasai, wanafuata marika kama Wamasai, wameoana nao na pia wameoana na Wameru; na bado ni wakulima hodari. Atakayesema kwamba kila asemaye Kimasai lazima awe mchungaji wa nyikani, na aende akamwambie hayo Mwarusha aliye shambani mwake.

Kama kanuni hiyo ni sahihi kwa shanga na kwa jembe, basi ni sahihi kwa muziki pia. Katika miaka ya 1990 vijana wa Arusha waliupokea muziki wa kufokafoka, uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa New York katika miaka ya 1970. Wazee wengi waliudharau wakisema ni uigaji mtupu. Kwa baadhi ya nyimbo walisema kweli. Lakini kundi la X Plastaz la Arusha lilitenda jambo ambalo halikuwa uigaji. Vijana wa mjini waliokuwa wakifoka kwa Kiswahili walishirikiana na mwimbaji wa Kimasai, Merege, na sauti yake ikaingia ndani ya nyimbo zao kama sehemu ya jengo lenyewe. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Ujerumani. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, Faza Nelly, alifariki mwaka 2006 angali kijana.

Wako wanaosema kwamba kundi hilo nalo liliuza shuka kwa Wazungu. Hoja hiyo tunaijibu kwa kutumia masikio. Uimbaji wa Kimasai haupigiwi ngoma. Kuna kiongozi, aitwaye olaranyani, anayeuanzisha wimbo na kuubeba, na kuna kundi linalomwitikia kwa sauti nzito za kooni zinazopandana na kupokezana, hata pumzi zenyewe zikawa mapigo. Anayeujua uimbaji huo ataona kwamba unaweza kukutana na kufokafoka bila kulazimishwa, kwa kuwa pande zote mbili mtu mmoja hutangulia kwa maneno na mapigo ya wengine humshikilia. Wala majigambo ya vijana si jambo geni katika makabila yetu. Sasa mlinganishe kazi hiyo na maonyesho tuliyoyaona mara nyingi majukwaani, ambapo wachezaji huvishwa mashuka mekundu, huambiwa waruke, na nyuma yao hupigwa ngoma ambazo Wamasai hawana. Maonyesho hayo husifiwa kuwa ya asili, na wimbo wa vijana wa Arusha huitwa wa kigeni! Hayo ndiyo matunda ya kuhukumu kwa macho jambo ambalo ni la sikio. Baada yao wamekuja Nako 2 Nako na Weusi, nao ni wa Arusha, hawana shuka mabegani, na hakuna msikilizaji wa Tanzania asiyetambua kwa lafudhi na msemo wao kwamba hawa ni machalii wa huko.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Huko Marekani, katika nyika pana za majani za Dakota Kusini, alizaliwa mwaka 1915 mchoraji Oscar Howe, wa taifa la Wadakota, wenyeji walionyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao. Mwaka 1958 alipeleka picha yake ya ngoma ya Kidakota katika mashindano ya Makumbusho ya Philbrook, mjini Tulsa. Waamuzi waliikataa, na si kwa ubovu: walisema haikufuata mtindo wa jadi wa wenyeji wa Marekani. Na mtindo huo wa jadi ulikuwa upi? Kwa sehemu kubwa ulikuwa ule uliofundishwa huko Santa Fe katika darasa la sanaa lililoanzishwa mwaka 1932 na mwalimu wa Kizungu, Dorothy Dunn, ambako Howe mwenyewe alisoma. Howe aliwaandikia barua kali akikataa watu wake wafungiwe ndani ya namna moja ya kuchora kana kwamba ni watoto wa kuongozwa daima. Mistari yake iliyokatana na rangi zake za nguvu, alisema, zilikuwa na mizizi kwa Wadakota. Mashindano yalilazimika kubadili taratibu zao. Mtu wa nyika ya mbali sana na yetu alikutana na hakimu yule yule anayesimama leo mbele ya mchoraji wa Daraja Mbili: mgeni anayemfundisha mwenyeji namna ya kuwa mwenyeji.

Nasi tunao mfano wetu karibu zaidi. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma na kufundisha Makerere, akasoma London, akawa balozi wetu Uingereza baada ya Uhuru. Elimu hiyo yote haikumfanya apake London. Alipaka migomba, watu wakilima, watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi. Watu wake wanafanya kazi; hawasimami wakingoja kupigwa picha. Picha yake mojawapo imo katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, na hakuhitaji kumvisha mtu yeyote ngozi ya chui ili ifike huko.

Msomaji anaweza kutuuliza: Je, mnasema basi kwamba lolote afanyalo Mtanzania ni utamaduni wa taifa? La, hatusemi hivyo. Mlango tunaoufungua una vizingiti vitatu. Cha kwanza ni ujuzi. Anayetaka kuutumia wimbo wa Kimasai na ajifunze kwanza kuuimba, ajue unaimbwa lini na na nani. Asiunyofoe kama unyoya wa kuvaa kichwani. Cha pili ni msikilizaji. Kazi inayoeleweka na mgeni tu, ambayo jirani wa msanii haimgusi wala haimuudhi, bado haijapata kwao. Cha tatu ni mamlaka na tija. Nani ameamua kazi iwe hivyo, na nani anakula matunda yake? Tuna Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Vyombo hivyo havitakuwa na maana ikiwa mama atungaye shanga na mzee anayefundisha wimbo watabaki kuwa watu wasio na jina, na anayelipwa ni mwenye duka.

Kwa hiyo tuna neno kwa walimu. Siku za maonyesho ya shule zinapofika, msiwavishe watoto mashuka ya kukodi mkadhani mmefundisha utamaduni. Mtumeni mwanafunzi kwa bibi yake, au kwa bibi wa jirani ikiwa wake yuko mbali, aulize jina la kila rangi katika mkufu na maana yake. Mtumeni aulize mtaa wake ulipataje jina. Arudi aandike kwa Kiswahili fasaha alichokisikia, kisha ndipo apake, aimbe au afoke. Na akifoka, msimnyang'anye karatasi kabla hamjasoma alichoandika. Kwa wanafunzi tuna neno fupi zaidi. Yeyote atakayewaambia kwamba ninyi si wenyeji kamili kwa sababu mnavaa suruali, au kwamba ninyi ni washamba kwa sababu baba zenu wanavaa lubega, mjibuni kwa kazi, siyo kwa nguo.

Wazee wa nyika walipokea kitambaa cha mgeni bila hofu kwa kuwa walijua wao ni nani; hawakungoja kitambaa kiwaambie. Msanii wa Daraja Mbili anastahili kuachiwa uhuru huo huo. Apewe elimu ya lugha zake na historia ya ardhi anayoikanyaga, apewe haki ya jasho lake, kisha aachwe awape watu wa picha zake nyuso.